Jina Langu Ukutani

Yamagata,
mwisho wa msimu wa cheri

Mpendwa Dada Chizuru,

Pokea salamu nyingi kama cheri zilizojaa bakuli hapa mbele yangu. Baba hajambo? Goti lake limepata nafuu? Mimi mzima, na Kiyotaka wangu mzima, tena kila siku anazidi kupendeza. Cheka tu, dada. Nimeolewa, niache niringe!

Jumapili alinipeleka kwenye lile hekalu la kale mlimani, ambako kwao huwaombea wafu wao. Ngazi haziishi. Akanitania eti napanda kama kobe aliyebeba kabati la harusi, nami nikamwambia kabati lenyewe ni yeye. Tulicheka mpaka mtawa mmoja mzee akatukoholea.

Chini ya mierezi iliyo kando ya ngazi niliinama kufunga kiatu. Nilipoinuka, Kiyotaka alikuwa juu kabisa, kwenye kibanda cha vyakula, mdomo umejaa. Akauliza nilikuwa naongea na nani. Nikasema, na wewe.

Ndani ya hekalu kuna ukuta wa picha za harusi. Unajua desturi ya huku: kijana akifa hajaoa, wazazi humchorea bibi harusi ili roho yake isikae mpweke. Sura na jina la bibi harusi lazima vibuniwe. Ukimweka mtu aliye hai, marehemu atakuja kumchukua. Kiyotaka alitaka kunitambulisha kwa kaka yake Yoshinari, aliyefia thelujini sisi tukiwa watoto. Picha yake imefifia, lakini sura ya bwana harusi ni ya mume wangu kabisa. Kando ya bibi harusi pameandikwa jina: Sayoko. Jina langu, kwa herufi zilezile, dada. Kiyotaka, ambaye hakuwa amefika pale tangu utotoni wala hakulijua jina hilo, aliganda.

Tuliporudi, mama mkwe alilia sana. Alisema alichagua jina hilo kwa sababu katika bonde zima hakumjua yeyote mwenye jina hilo. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipojitambulisha aliangusha kikombe cha chai, na mpaka leo ananiita mwanangu tu. Aliogopa kumharibia furaha mtoto aliyembakia. Akaniuliza neno moja: je, kuna aliyeniita kule? Maana kuitwa si kitu. Kuitika ndiko kukubali.

Nikasema hapana.

Nilimdanganya, dada. Nilipoinamia kiatu, sauti ya Kiyotaka iliniita nyuma yangu, karibu kabisa, kwa jina langu. Nikaitika, tena kwa mahaba: Abee, mume wangu, nakuja.

Sasa wamenipa jina jingine. Mwambie Baba asiandike tena lile la zamani, nawe usiniite hilo hata kwa utani. Jana nikianika nguo, niliitwa tena. Sikuitika. Lakini ni sauti ya upole mno, dada, na Kiyotaka alikuwa kazini.

Mkande Baba goti kwa niaba yangu, na mnifukizie ubani mbele ya picha ya marehemu Mama.

Mdogo wako akupendaye,
Natsue