"Nimemtisha Nani, Mama?"

Mpendwa Mama Ernestine wa redioni, nisaidie kabla Alhamisi haijafika. Mimi ni mwanamke mweusi wa hapahapa Memphis, mwaka wa kumi na tisa huu ni karani wa mkuu wa upasuaji katika hospitali moja, nachapa barua zake za kuwapima madaktari, yeye husema sentensi moja mbili halafu, "Malizia kama kawaida," nami humalizia, naye hutia sahihi bila kusoma.

Jumapili baada ya ibada, tukila kuku wa kukaanga ukumbini, akanijia daktari kijana wa kanisani kwetu, mweusi mwenzangu, nimwite Pettway, ambaye pale kazini hakuna anayemzidi kwa mkono wa upasuaji. Alishika nakala ya barua ya kumpima yeye, kwa kuwa Alhamisi kamati inaamua kama atakuwa mkuu wa kitengo cha moyo. Ilisema anajieleza vizuri ajabu, ana mwili wa mwanamichezo, ana kipaji cha kuzaliwa, ila anajisikia na anatisha wauguzi.

"Mama, wewe unakaa pale siku nzima," akasema taratibu. "Nimemtisha nani?"

"Sijui, baba."

"Nitajie hata mmoja, nikamwombe radhi."

Mama Ernestine, maneno hayo ni yangu! Mzee wangu wa kazini alisema tu, "Mkono mzuri, mkali kidogo kazini." Leo nikafungua kabati, nikaitoa barua ya Hadley, mzungu anayegombea naye, na kwake pia mzee alisema vilevile, nami nikamalizia: ana msimamo, ni kiongozi, amejituma. Nikarudi nyuma mwaka hadi mwaka, madaktari weusi wote saba ni kiburi, kutisha, kipaji, nimechapa mimi kwa vidole hivi, nikifuata barua za karani aliyenitangulia, wala sikuona! Nikisema, nitafukuzwa, na kanisani nitaitwa Yuda. Nikinyamaza, cheo kinampita. Nifanye nini?

Karani, Memphis

*

Dada yangu, barua yako imenikalisha chini, na mimi husoma redioni nikiwa nimesimama. Pole. Sasa futa machozi unisikilize.

Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii aliyemo nguoni ni wewe. Uliwahi kumsikia kijana huyo akimfokea muuguzi? Hujasema hata mara moja. Na huo mwili wa mwanamichezo unamhusu nini mgonjwa wa moyo? Anampasua au anamruka? Yangesemwa na mzungu barabarani ungepiga kelele mpaka mtaa wa pili, lakini mezani kwako umeyaita kawaida.

Leo ni Jumanne. Kabla ya chakula cha mchana, chapa upya barua ya Pettway kwa maneno ya mzee peke yake. Mwekee mzee mezani pamoja na ile ya zamani na ya Hadley, umsomee zote kwa sauti, asishike kalamu kabla hujamaliza. Akigoma, zipeleke mwenyewe kwa mwenyekiti wa kamati, useme nani aliandika. Wale sita wengine uwatafute baadaye, mmoja mmoja. Kazi unaweza kuipoteza, sikudanganyi.

Jioni nenda kwa Pettway. Usimtume mchungaji, wala usijifiche nyuma ya keki ya kuomba msamaha. Wewe unahofia kiti chako, dada, na mwenzako tangu Jumapili anapita wodini amepunguza sauti, anamtafuta muuguzi wa kumwomba radhi. Mwambie hayupo.