Wimbo Uliopendwa na Baraza Nzima

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam alaykum. Huku Kibokoni tu wazima, alhamdulillahi. Goti la bibi yako limepoa. Jana alikwenda mwenyewe hadi Marikiti, akarudi akinung'unikia bei ya nyanya, ndipo nikajua amepona kweli.

Waniambia umewauliza wenzako chuoni, na katika kila kumi, wanane wamelichagua kundi lile la vijana liimbe harusini kwa dadako. Wataka kujua kama hiyo yatosha. Hesabu yako haina kasoro, mwanangu. Hata mimi niliwahi kuipiga.

Nilipokaribia kuoa, mimi na rafiki zangu tulikaa barazani tukamuuliza kila apitaye ni wimbo gani ufungue taarabu. Karibu wote walitaja mmoja. Nikasema, huu ndio wimbo wa Mombasa nzima!

Usiku wa harusi wimbo ule ukapigwa. Nilikuwa nje nangoja vigelegele vya wanawake, na sikusikia hata kimoja.

Kesho yake bibi yako akaniuliza, "Hapo barazani kwenu, kuna mwanamke aliyepita mkamuuliza?"

Nikafikiri. Wanawake, wakiona wanaume tumejaa pale, walipita njia ya nyuma.

"Na mimi je?" akasema. "Wimbo ule siupendi tangu utotoni."

Mpaka leo nikimuudhi huuimba jikoni, ubeti kwa ubeti, hadi nitake radhi.

Basi kabla sijaliita kundi hilo, nambie: katika hao wanane, dadako yumo?

Babu yako