Cherehani ya Mama Haikuwa Mbovu

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Habari za huko? Mguu unaendeleaje? Na shemeji je, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Sisi huku hatujambo.

Dada, nina aibu. Wiki mbili nakwepa simu zako, na wala si kazi.

Unakumbuka tulivyogawana vitu vya Mama? Nilijitia mwalimu wa falsafa, nikakueleza ninavyowaeleza wanafunzi: ugawaji wa haki ni ule ambao mgawaji hajui fungu lipi litamwangukia. Basi mimi nipange mafungu mawili, wewe uchague kwanza, kwa simu. Ukacheka, ukasema, "Haya bwana profesa, nakuamini."

Fungu moja friji na kitanda. La pili kabati bovu na cherehani iliyokwama. Ukauliza kama bado imekwama. Nikasema, "Si unaijua mwenyewe!" Ukachukua friji.

Kumbe siku tatu kabla yake fundi alikuwa ameshaifungua, ikawa inashona. Ni uzi tu uliojisokota chini. Nilijua, Dada. Na nilijua unashonea watu kwa cherehani ya kuazima. Niliitaka kwa sababu wewe Mama alikukalisha hapo akakufundisha, mimi akaniambia nikasome. Wivu wa mtu mzima na mvi zake, loh! Hata kutunga uzi sijui. Ikakaa sebuleni, nikairundikia vitabu.

Alhamisi binti mmoja mpole wa kiti cha nyuma akaniuliza darasani: "Mwalimu, na kama mgawaji anajua, ila anajifanya hajui?" Nikatazama saa, nikasema muda umekwisha. Ilikuwa imebaki nusu saa nzima.

Kesho nitamjibu kwamba huyo ni mwizi, na anaitwa mwalimu wenu.

Cherehani nimeshaifunga, inaondoka Jumatano na lori la mizigo. Friji baki nayo. Ukitaka kunitukana piga simu, safari hii nitapokea.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako umshikie miguu kwa niaba yangu. Mungu aibariki mikono yako. Wasemao kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, Dada; na shati nililovaa siku ile nikikugawia, ulinishonea wewe.

Wako akupendaye, ijapokuwa hakukutendea haki,
Mdogo wako