Shati la Kijani Korongoni

Jumatatu, 3 Juni 2024
Bosi kafoka tena. Moshi umeonekana korongoni, kule chini mtoni, ndani kabisa ya hifadhi. Warina asali hao! Anayekamatwa analala ndani, na askari yeyote kati yetu atakayemwachia anafukuzwa, anarudi kwao. Kwetu Bukene. Sirudi ng'o — nimeshatangaza naolewa tarehe 15 na Renatus wa Urambo. Suti yake ya harusi kama ya mhudumu wa hoteli, lakini nampenda.

Jumatano, 5 Juni
Doria. Patupu. Mbung'o wameniuma hadi pasipotajika.
Mwenzangu Anton anatamba ana mbinu. Warina wa huku hupanda mtini uchi, maana nyuki akinasa ndani ya nguo ni balaa. Basi wewe zoa nguo tu, mtu atakimbilia wapi? Nimecheka mpaka nimekaa chini.

Ijumaa, 7 Juni
Sicheki tena.
Jioni hii tumekuta moshi, mzinga, na mtu uchi juu ya mti wa mninga. Anton kazoa nguo zote, kakimbia nazo kituoni kumwita bosi, maana korongoni simu haishiki. Mimi nimebaki kulinda. Anaondoka ndipo naliona shati mkononi mwake. La kijani, vifungo vyeupe. Nililinunua mwenyewe sokoni Isevya, zawadi ya baba mkwe!
Mzee Shilinde. Baba yake Renatus. Mtu ambaye hata usoni sijawahi kumtazama, kwa adabu ya ukwe — leo Mungu kanionyesha vyote kwa mkupuo.
Nimegeuka fasta. Naandika nikiwa nimeupa mti mgongo, masikio yanawaka kwa aibu.
Nimemwamkia huku natazama mawe.  Marahaba imeshuka kutoka mtini, kwa sauti ya chini. Anasema mzinga aliutundika baba yake, kabla ya hifadhi, na asali ni ya wanzuki, pombe ya harusi yetu. Nimeshindwa nicheke au nilie.
Nimemwambia ashuke akimbie, sitageuka. Kakataa. Njia ya kijijini inapita kisimani, na saa hizi wanawake wote wako huko.
"Mwanangu, bora jela kuliko kupita pale hivi."
Namwelewa kabisa.
Ninalo koti la sare. Refu, linafika magotini. Jina langu limeshonwa kifuani, herufi kubwa: ASNATH. Likionekana kijijini, kazi sina.
Gari la bosi linanguruma kilimani.
Nimeshafungua vifungo viwili vya koti.