Mkono Uliobaki Kwenye Aproni

Manyatta, Kisumu
Jumapili, baada ya kanisa

Mama,

Kabla hujauliza, sisi huku ni wazima wa mwili. Neema anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini si ile pumu ya kutisha. Elia ameng'oka jino la mbele na amekataa kulitupa juu ya paa mpaka nyanya yake aambiwe, basi nimekuambia. Wewe je? Goti linaendeleaje? Na maharagwe mlivuna, au mvua iliyaozesha shambani kama mwaka jana?

Utashangaa kuona barua na simu ipo. Simu yako, Mama, ni ya kijiji kizima. Wifi akiishika tu anaiweka sauti ya juu, na ninayoyasema yanafika kwa jirani kabla hayajafika kwako. Barua hii analeta Dada Rispa wa kanisa letu, anayekuja huko kumzika shangazi yake. Isome peke yako, polepole, kama unavyosoma Zaburi.

Juzi uliniambia nimshukuru Mungu kwa sababu mume wangu ana kazi nzuri kiwandani na mimi nina kibiashara changu cha kusukuma siku. Nikaitika amina. Lakini mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha. Ile kazi ya Baba Neema ilikuwa yangu. Ninyi huko mnajua niliiacha kwa hiari yangu ili nilee watoto, maana ndivyo nilivyowaambia. Sivyo ilivyokuwa.

Unakumbuka mwaka ule wa korona, shule zilipofungwa na kafyu ya kutotoka usiku ikaanza. Kiwanda chetu hakikufunga, samaki wa kwenda ng'ambo walikuwa bado wanatakiwa. Ila hawakutaka watu wa kutoka na kuingia kila siku. Asubuhi moja msimamizi alitukusanya wote uani, tukasimama mbalimbali na barakoa zetu, akasema kazi sasa ni ya kulala ndani: wiki mbili ndani, wiki mbili nje. Kisha akasema, "Wale wako na mtu wa kubaki na watoto nyumbani, inua mikono."

Mama, wanaume waliinua mikono hata kabla hajamaliza kusema. Hakuna aliyefikiria. Sisi wanawake tulianza kutazamana. Shule zimefungwa, yaya hakuna, nyanya wako mashambani. Mimi je? Mimi nilikuwa na mtu. Kazi yake ya mjengo, ya kujenga nyumba za watu, ilikuwa imesimama, na Baba Neema alikuwa nyumbani kutwa nzima, amekaa kwenye kigoda anacheza drafti kwa visoda. Mkono wangu ukabaki ndani ya mfuko wa aproni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikumwuliza hata yeye. Niliona aibu kwa niaba yake. Ingesikikaje mbele ya watu wale wote kwamba mume wangu ndiye atakayeosha watoto na kusonga ugali? Mama mkwe angesema nimemlisha kitu. Na wewe mwenyewe, usikasirike, ulinifundisha kwamba mwanamke hamvui mumewe nguo nje. Nami nikamvika vizuri, nikarudi nyumbani bila kazi.

Meza yetu ya kukata samaki ilikuwa na wanawake kumi na wawili. Waliobaki ni wawili tu, mmoja watoto wake ni watu wazima na mwingine hajaolewa.

Baada ya siku chache tukasikia kiwanda kinatafuta wanaume wa kulala ndani, hata wasiojua kukata. Unga ulikuwa umefika chini ya mkebe. Mimi ndiye niliyemfundisha Baba Neema, Mama. Nilinunua samaki watatu, mbuta wadogo, nikamketisha jikoni, nikamwonyesha pa kuanzia nyuma ya shavu, na jinsi ya kulaza kisu kifuate mfupa mpaka mkiani bila kuacha nyama. Nilimwambia kisu kikigonga, usilazimishe, sikiliza. Ana mkono mzuri, siwezi kumnyima haki yake. Siku ya nne aliondoka na kisu changu chembamba, kile nilichofunga kitambaa cha bluu kwenye mpini. Hakuninyang'anya. Nilimpa kwa mkono wangu.

Tulidhani ni kwa miezi miwili mitatu. Korona ikapungua, shule zikafunguliwa, barakoa zikageuka matambara ya kupangusia meza, lakini kiwanda kilikuwa kimeonja utamu wa watu wanaolala ndani na hakikurudi nyuma. Waliolala ndani ndio walioandikwa kazi ya kudumu. Na mimi? Nakaanga mgongo wazi kando ya barabara, ile mifupa ya mbuta inayobaki nyama ikishatolewa. Inatoka kiwandani kwetu. Nikiigeuza kwenye mafuta najua kabisa ni mkono wa nani ulioikata, kwa sababu Baba Neema bado anaacha kipande karibu na mkia. Nilimwambia mara ngapi.

Nimechoka, Mama. Moshi na miguu nimezoea. Kinachonichosha ni kusema amina kila mtu anaponiambia nina bahati ya kuwa na mume mwenye kazi.

Sasa sikia kilichotokea Alhamisi. Kiwanda kimetangaza tena kinataka wakataji wenye uzoefu. Nikaacha karai kwa jirani, nikaenda na mafuta yangu nguoni. Tulikuwa wengi, na wanaume wa zamu walikuwa wametoka kututazama. Msimamizi ni yule yule. Alinitambua.

"Ai, Mama Neema! Uko? Lakini kazi ni ile ile ya kulala ndani. Watoto yako unaachia nani?"

Nikainua mkono, ingawa hakuwa ametuambia tuinue. "Baba yao," nikasema. "Wiki zenye yeye yuko nje, mimi niko ndani. Tunapokezana."

Walicheka, Mama, na wanawake pia. Mmoja akasema, "Omera, ndugu yangu, leo tumeona!" Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha baridi na gambuti zake nyeupe za mpira. Msimamizi akamgeukia. "Bwana, hii maneno ni ya ukweli?"

Nikamtazama Baba Neema. Alitazama gambuti zake muda mrefu, kisha akasema, "Si amesema?" Akaingia ndani. Msimamizi akaandika jina langu, akaniambia nianze Jumatatu.

Zamu yake ilipoisha Ijumaa alirudi nyumbani, akala, akaosha mikono. Mwishowe akasema, "Umeniaibisha mbele ya wanaume. Sasa mimi nimekuwa yaya?" Nikamwambia hapana, umekuwa baba. Halafu akasema, na kwa upole kabisa, "Basi andikia mama yako aje akae na watoto. Hiyo itamaliza maneno."

Hii ndiyo barua aliyoniambia niandike. Anajua nakuandikia. Hajui ninachoandika.

Mama, usije.

Hakuna mtu ninayetamani kumwona kuliko wewe. Lakini ukija, yeye atarudi kwenye kigoda, na Neema atakua akijua kwamba mwanamke akitaka kufanya kazi lazima mwanamke mwingine atolewe kwake. Nami naanza kesho. Wiki hizi mbili ni zake za kuwa nje. Sijui kama ataweza. Naogopa sana, na nisiposema hivyo nitakuwa nakudanganya tena. Nikisikia huko ndani kwamba Neema amebanwa na kifua na hakuna wa kumshika, nitatoka, na safari hii sitaitwa tena.

Akikupigia simu kukubembeleza uje, mwambie goti linauma. Si uongo, linauma kweli.

Nisalimie kaka yangu, na wifi pia, ingawa ana masikio. Msalimie mama mkwe ukikutana naye kisimani, ila haya usimwambie bado. Mwambie yule mwalimu wangu wa zamani, jirani yetu, kwamba Neema anasoma vizuri. Dada Rispa atakupa sabuni mbili na pakiti ya omena, wale dagaa wa ziwani. Omena ni wako, usigawe wote.

Nilikuwa nimefunga bahasha, nimeifungua tena. Sasa hivi Baba Neema amekuja mlangoni. Kisu changu ameniwekea mezani, amekinoa. Kisha akaniuliza, macho ukutani, dawa ya kifua ya Neema huwa inakaa wapi.

Neema ana miaka tisa, Mama, na leo ndiyo mara ya kwanza baba yake anauliza. Nimeinuka, nimemwonyesha.

Ni mimi binti yako,
Nasimiyu