Chuma cha Taulo

Mdogo wangu Fundi,

Salamu kwako na kwa shemeji. Natumaini mgongo wako umeacha makelele. Mimi ni mzima kabisa. Juzi, pale ukumbini wazee tunapofanyia mazoezi, nilisimama kwa mguu mmoja mpaka watu wakapiga makofi.

Haya, nimekudanganya. Nilikuwa nimeshika kiti, na makofi alipigiwa bibi mshonaji aliyesimama kando yangu.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka huko, baada ya mimi kuanguka uani. Aliapa kwamba nikianguka tena anaifunga nyumba hii, nami nahamia kwake ghorofani nikahesabu matofali ya jirani. Unamjua: akisema, kama marehemu mama yake, kasema.

Siku moja mwalimu akatutaka tulale sakafuni tujifunze kuinuka. Nikamwambia kuanguka najua bila mwalimu. Bibi mshonaji akadakia kwamba kweli baba, hilo unalijua, tuoneshe kuinuka sasa. Nikalala kwa hasira. Geuka ubavu, egemea kiwiko, piga magoti, tambaa hadi kwenye kiti, tanguliza mguu wenye nguvu.

Sasa hili usimsomee mtu. Jana asubuhi nimeanguka bafuni. Niko chini, simu ikalia chumbani. Ni binti yangu, hupiga kila asubuhi, na nisipopokea huja mbio, maana anakaa mtaa wa nyuma tu. Nikajiinua kwa ubabe, nikateleza tena. Simu ikanyamaza. Ikalia. Ikanyamaza moja kwa moja, nikajua yuko njiani. Ndugu yangu, niliogopa. Nikageuka ubavu. Kiwiko. Magoti. Nikatambaa kama mtoto hadi kwenye stuli, nikatanguliza mguu. Mlango ulipogongwa, nilikuwa wima.

Akaniona nimelowa upande mmoja. Nikamwambia nilikuwa naoga. Akauliza, na nguo? Nikamjibu kwamba naoga na kufua kwa mpigo, maji ghali siku hizi. Hakucheka. Aliingia bafuni, akakausha sakafu, akaondoka. Jumapili anarudi kukagua.

Ulipovunjika mguu utotoni nilikubeba mgongoni kwenda shule na kurudi, na ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Hujanilipa bado. Njoo kabla ya Jumapili na vifaa vyako, unifungie chuma kwenye ukuta wa bafuni, kiwe imara kiasi cha kubeba mwanamume mzima. Binti akikuuliza, sema ni cha kutundikia taulo.

Msalimie shemeji, na usimwambie.

Kaka yako,
Ngongoti