Sauti Niliyobaki Nayo

Jumatatu, 19 Mei 2025

Viza imetoka! Nimepiga kelele pale zahanati — kelele yangu hii ya kukwaruza — mgonjwa akadondosha kikopo cha mkojo. Ndege ni Alhamisi tarehe 12 Juni, usiku. Mimi Natalia, nesi wa Mpanda, naenda kutunza wazee Ujerumani.

Nikapita kanisani kushukuru. Kwaya wako mazoezini. Wimbo wangu. WANGU! Nilimtungia bibi mwaka juzi, kabla sijapasuliwa rovu shingoni. Solo anaimba rafiki yangu Glory. Nikamwuliza kama kweli utaingia kwenye albamu ya kwaya. Akasema ndio umebeba jina la albamu, uzinduzi Pentekoste. Mtunzi nani? Akaangalia viatu vyake. Akasema Mwalimu Gelasius, kiongozi wetu wa kwaya.

Shukrani zikaishia hapo.

Nakumbuka vizuri. Nimelala na bandeji shingoni, sauti imekwenda — daktari alinionya mapema inaweza kutokea — Gelasius akaja na machungwa. Akaomba daftari, eti aupange wimbo sauti nne. Nikampa. Nilipopona nikarudi kwaya. Akaniambia mbele ya wenzangu, kwaya siyo wodi.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Kumbe Gelasius ameubadilisha wimbo! Palipokuwa na bibi ameweka Mama Maria. Kwa hiyo sasa ni Mama Maria aliyenifundisha kupepeta mpunga Kabungu. Mama yangu kacheka hadi kajifuta machozi kwa kanga. Mimi sikucheka.

Nitamkomesha. Siyo kwa kumwita pembeni. Mbele za watu, kama alivyonifanya. Simu yangu ya zamani ina rekodi — naimba mwenyewe, Februari 2023, tarehe inaonekana. Na Padri amenipa dakika tano za kuaga siku ya uzinduzi. Hajui amenipa nini.

Jumanne, 27 Mei 2025

Jambo la ajabu leo. Amekuja kupima presha fundi mmoja wa vitanda, Mrundi wa Katumba, jina lake Révérien. Nikamwambia kunja mkono wa shati. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Dada, nani alikufundisha kunong'ona hivyo?"

Nikachukia. Nikamwambia ni ugonjwa.

Akasema hapana, kwao kuna watu wanaimba hivyo makusudi, wakipiga inanga, ala yao ya nyuzi. Ukipaza sauti unaua nyuzi. Akatoa simu, akaniwekea. Mwanaume ananong'ona. Nyuzi zinatembea chini, na juu yake pumzi tu — maneno yamepanda kwenye pumzi! Sikuelewa neno hata moja. Nikasikiliza mara tatu, wagonjwa kwenye benchi wananung'unika.

Miaka miwili naona aibu hata kuulizia nyanya sokoni. Kumbe kuna watu wanaitafuta sauti hii.

Mwalimu wa Kijerumani anatutumia nyimbo za watoto za kujifunzia. Leo sijafungua hata moja.

Jumamosi, 31 Mei 2025

Nimeenda Katumba. Karakana imejaa maranda. Inanga yenyewe ni ubao uliochimbwa kama sinia refu, uzi mmoja umezungushwa mara nane. Na mzee Révérien ni mkali! Nikikaza koo, anazima nyuzi kwa kiganja. "Usisukume. Mwambie mtu mmoja tu."

Nikaimba wimbo wa bibi. Akauliza mtu mmoja huyo ni nani. Nikasema bibi. Akasema hapana, unamwimbia mtu unayetaka kumpiga.

Ni kweli, nilikuwa namwona Gelasius.

Tumerudia hadi saa tisa. Mara ya mwisho hakuzima. Amekubali kuja kunipigia Pentekoste. Nimemwambia ni kuaga tu.

Jumapili, 8 Juni 2025

Nimefanya.

Ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Gelasius na suti ya bluu. Kwaya wakaimba, vigelegele, watu wakasimama. Nami nikapiga makofi! Halafu Padri akaniita.

Nikaweka simu kwenye maikrofoni. Ikaimba sauti yangu ya zamani. Sikuwa nimeisikia tangu nipasuliwe. Wamama wa mbele wakageukiana. Huyo si Natalia? Nikasema ndiyo, ni mimi, na wimbo nilimtungia bibi yangu. Nikasema Mama Maria hajawahi kupepeta mpunga Kabungu.

Ukumbi mzima ukacheka. Wote! Gelasius akainamia meza, masikio yameiva. Miaka miwili nilikuwa nausubiri uso ule. Tamu! Nisijidanganye, ilikuwa tamu.

Halafu Révérien akakaa na inanga, nikaimba. Mtu akazima feni. Watu wakainama mbele kunisikia. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Glory alikuwa analia, ameivua skafu ya kwaya.

Révérien akafunga inanga yake kwenye shuka. Akaniambia, "Ulisema unaaga. Hukusema unanileta kwenye kesi." Akaondoka hata pilau hajala.

Hilo ndilo linaniuma. La Gelasius haliniumi. Sijajuta. Naandika tena: sijajuta.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Basi la Dar ni kesho alfajiri. Na Gelasius yuko sebuleni! Amekuja na Glory. Mimi niko chumbani, ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu.

Anamwambia mama kwamba asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Padri kukiri. Albamu imesimamishwa. Ana karatasi, ameandika mtunzi ni mimi, amesaini. Anasema alidhani sitaimba tena, akauchukua usipotee. Halafu watu wakamsifu, sifa zikamkolea. Mama anamjibu, "Na daftari la mtoto je?" Amelileta.

Anaomba niahirishe siku moja. Kesho warekodi upya, niimbe mimi, na inanga. Nikisafiri keshokutwa bado naiwahi ndege. Ameshafika Katumba leo hii. Révérien kasema atapiga, ila nimwombe mimi mwenyewe, na safari hii nimweleze yote.

Mama kaingia. Anauliza amjibu nini. Nikasema mwambie nafunga begi.

Begi nililifunga jana. Nimelifungua, nimemwaga nguo zote kitandani, nazikunja upya moja moja. Akae. Chai imepoa, Glory ameaga, yeye hajaondoka. Hata kukohoa anakohoa kwa adabu.

Ofisi ya basi inafungwa saa kumi na mbili, kama mtu anataka kubadilisha siku. Sasa ni saa kumi na moja na robo.

Nimelikunja sweta lile zito la Ujerumani. Nimelikunjua.